Madam Kwa Nini wa Keroka

Ukifika Keroka na kuuliza anakofundishia Drusilla Mokeira, watu watakutazama tu. Uliza Madam Kwa Nini, na kijana yeyote wa bodaboda atakuelekeza kwenye ghorofa iliyo mkabala na steji ya matatu, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Huko juu kuna chumba chenye viti sita vya plastiki, ubao mweupe ulioanza kuwa wa kijivu kwa kufutwafutwa, na dirisha ambalo halijawahi kufungika vizuri. Malori yanapopiga breki barabarani, mwalimu hunyamaza mpaka yapite, kisha huendelea na sentensi yake pale pale alipoikatia.

Anafundisha uchumi. Wanafunzi wake ni wa vyuo, na wengi wao humjia wakiwa wameshaanguka mtihani na kuandikiwa sapu, yaani mtihani wa kurudia. Jumamosi hafundishi, kwa kuwa ni Msabato. Jumapili ndiyo siku yake kubwa, na Wakatoliki humjia moja kwa moja kutoka misani wakiwa bado wamevaa viatu vyao vizuri.

Jina la Kwa Nini alipewa na wanafunzi wenyewe. Mtu akimwambia kwamba bei ikipanda wanunuzi hupungua, yeye huuliza kwa nini. Akijibiwa, huuliza tena. Inasemekana rekodi ni mara tisa mfululizo, na aliyeulizwa alikuwa Mose wa Nyamarambe, ambaye walipofika mara ya saba alianza kucheka kwa kukata tamaa, na walipofika mara ya tisa akaelewa.

Lakini Drusilla hakuanza hivyo. Alizaliwa Nyamira, akasoma uchumi chuo kikuu, akahitimu kwa alama nzuri ajabu. Mwenyewe husema bila kuficha kwamba alama hizo alizipata kwa kukariri. Alikuwa na kichwa cha kunasa maneno. Ukurasa akiusoma mara mbili, umeshakaa. Baada ya chuo aliajiriwa katika ofisi ya bima mjini Kisii, akakaa miaka kumi na mmoja akijaza fomu ambazo hazikuhitaji uchumi wowote, mpaka tawi likafungwa na kila mtu akarudi kwao. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita.

Mwezi huo huo akaletewa Cynthia, binti wa dada yake, aliyekuwa mwaka wa kwanza chuoni. Mtihani ulikuwa wiki tatu mbele. Familia nzima ilifurahi, maana msomi wa uchumi walikuwa naye nyumbani. Drusilla akachukua karatasi, akachora mstari unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia, akasema kwamba huo ni mchoro wa mahitaji. Cynthia aliutazama.

"Mama mdogo, mbona unashuka?"

"Ndivyo ulivyo," Drusilla akamjibu. "Andika."

Cynthia aliandika, akaenda, akaanguka. Hakumlaumu mtu. Lakini lile swali lilimwingia Drusilla kama mwiba, kwa sababu alijua vizuri kwamba hakulijibu kwa kuwa jibu hakuwa nalo. Alikuwa na shahada ya mstari unaoshuka na hakujua unashuka kwa nini. Akatoa kitabu chake cha zamani sandukuni, akaanza ukurasa wa kwanza, na kila alipofika kwenye sentensi ambayo asingeweza kumweleza jirani asiyesoma uchumi, akaweka alama ya kosa kwa penseli. Sura ya kwanza peke yake ilipata alama thelathini na moja. Yeye na Cynthia wakazifuta moja moja, miezi minne, mezani jikoni, huku wakimenya viazi. Cynthia alipopita mtihani wa kurudia, alikuja na wenzake wawili. Hao wawili wakaleta wengine, na mwaka wa pili Drusilla akakodi kile chumba cha juu.

Kisa ninachotaka kukisimulia ni cha mwaka jana, mwezi wa Februari, siku Geeta alipopanda zile ngazi akiwa na binti yake.

Geeta ni mke wa Rasiklal, mwenye duka la sufuria, mablanketi na taa mjini Kisii. Ukoo wao umekaa mjini hapo tangu enzi za babu zao. Kiswahili cha Geeta ni cha haraka, cha mtu aliyekulia nyuma ya kaunta, na hapendi kuzunguka. Binti yake, Riddhi, alikuwa na miaka ishirini, mwaka wa pili chuoni, na alikuwa ameanguka somo moja. Sapu ilikuwa baada ya wiki saba.

"Mwalimu, sitaki maneno mengi," Geeta akasema kabla hata hajaketi. "Atapita au hatapita?"

"Hilo sijui, mama. Bado hata sijamsikia akizungumza."

Geeta akamweleza kwamba kuna mwalimu mjini ambaye amewaahidi maswali yatakayokuja, yote kumi, pamoja na majibu yake. Drusilla akasema yeye maswali kama hayo hana, na kama ndiyo wanayoyatafuta basi hawezi kuwasaidia. Geeta akamgeukia binti yake. Riddhi alikuwa akitazama kupitia dirishani, ambako watu walikuwa wakishusha kabichi kutoka kwenye lori. Akasema kwa sauti ndogo kwamba angependa kubaki hapo.

Siku ya kwanza Drusilla alimwomba aeleze chochote anachokijua. Riddhi akavuta pumzi, akatoa maelezo ya istilahi sita mfululizo, bila kukosea neno na bila kuinua macho. Drusilla alimsikiliza akajiona mwenyewe akiwa na umri ule. Alitambua pia jambo jingine ambalo mtu asiyewahi kukariri asingelitambua: msichana huyu alikuwa akimwaga maneno ili asiulizwe. Maneno yalikuwa ukuta wake.

Kwa hiyo hakumuuliza cha kitabuni. Akamwambia afunge daftari, kisha akamuuliza ni kitu gani ambacho baba yake alikuwa akiuza zamani na sasa ameacha.

Riddhi alikaa kimya. Hapo ndipo wazazi wengi wanaokuja kuchungulia darasa la Drusilla hukosa subira, kwa sababu na yeye hunyamaza. Hamsaidii mtu haraka. Amejifunza kwamba ukimwokoa mwanafunzi kabla hajafikiri, umemwibia. Lori moja likapita, la pili likapita.

"Taa za chemni," Riddhi akasema hatimaye. "Zile za mafuta ya taa."

"Kwa nini aliziacha?"

"Watu walianza kununua za sola. Mafuta yalipanda bei, na za sola zikashuka."

"Sasa, katika yale maelezo sita uliyonipa, ni lipi linalozungumzia taa za baba yako?"

Riddhi akacheka. Alikuwa ametoka tu kueleza maana ya bidhaa mbadala, neno kwa neno, na kumbe bidhaa mbadala amezipanga rafuni mwenyewe tangu akiwa na miaka saba.

Wiki tatu zilizofuata zilikwenda vizuri. Duka la Rasiklal likawa kitabu chao. Wakazungumzia mablanketi ya msimu wa baridi, sufuria za bei ya chini zinazotoboka na za bei ya juu zinazorithiwa. Riddhi akaanza kuinua macho. Akaanza hata kubisha, na Drusilla alipobishiwa alifurahi, kwa kuwa mtu habishi jambo asilolifikiria. Wasiwasi wake ulikuwa mmoja, kwamba Riddhi asije akadhani uchumi wote unaishi dukani kwao. Basi wiki ya nne, siku ya soko, akampeleka Ogembo.

Huko Ogembo Drusilla anafahamiana na Nyaboke, mama wa miaka sitini hivi, ambaye huuza ndizi za kupika, zake na za majirani zake. Nyaboke na Drusilla wangezungumza Ekegusii, lakini kwa ajili ya mgeni wakatumia Kiswahili, na Nyaboke akakitumia kwa namna yake. Riddhi akapewa kigoda. Akauliza swali alilolidhania jepesi, kwamba mama akishusha bei si huuza zaidi?

"Mwezi ile imepita nilishusha," Nyaboke akasema. "Watu wakapotea. Nikarudisha bei juu, wakakuja."

"Lakini kitabu kinasema wanapaswa kuongezeka."

"Hiyo kitabu haijawahi uza ndizi hata moja."

Riddhi akamgeukia mwalimu wake akisubiri jibu. Drusilla alifikiri. Yalikuwepo majibu matatu au manne ambayo angeweza kuyavisha nguo nzuri na kuyatoa, na msichana angeyaandika yote. Zamani angefanya hivyo.

"Sijui," akasema. "Nipe muda nitafute. Na wewe utafute."

Jioni ile Geeta alipiga simu. Alizungumza kwa adabu, lakini sauti ilikuwa ya moto. Mtihani uko wiki tatu mbele, akasema, na binti yake amerudi nyumbani akiwa na matope mpaka magotini na jibu moja tu, kwamba mwalimu hajui. Yeye alitafuta mtu anayejua. Kuanzia kesho Riddhi angekwenda kwa yule mwalimu wa mjini. Drusilla akasema ameelewa, akamtakia binti heri.

Aliumia. Si kwa kumpoteza mwanafunzi. Wanafunzi huja na huondoka. Aliumia kwa sababu sehemu fulani ya moyo wake ilikubaliana na Geeta. Mtu wa miaka arobaini na mitatu, aliyefundisha miaka yote hiyo, ameshindwa na swali la ndizi. Usiku hakusoma kitu, akalala mapema. Lakini asubuhi swali lilikuwa bado lipo, na siku ya soko iliyofuata akajikuta amevaa mabuti ya mpira na yuko njiani kwenda Ogembo, bila mwanafunzi.

Alipofika kwenye kibanda cha Nyaboke, Riddhi alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, daftari magotini, mkono wa kushoto umejaa utomvu wa ndizi.

"Mama yako anajua uko hapa?"

"Anajua nimetoka," Riddhi akasema, akaharakisha kuongeza kwamba darasa la mjini ni la alasiri. Alikuwa hapo tangu saa mbili asubuhi. Alikuwa amewauliza wanunuzi kumi na tisa, na alikuwa na kitu cha kusema. "Wanaogopa ndizi changa, Madam."

Akamweleza. Ndizi ikikatwa kabla haijakomaa, hata uipike nusu siku, haiivi vizuri. Akina mama wa hoteli hawawezi kuitambua kwa macho, kwa hiyo huitazama bei. Muuzaji akishusha bei bila sababu, wanajua anaficha kitu. Nyaboke alikuwa ameshusha kwa sababu tu shamba lake lilizaa sana, lakini hakuna aliyelijua hilo.

Drusilla alitamani kumkumbatia. Badala yake akauliza, "Uliowauliza ni akina nani?"

"Walionunua."

"Na waliopita bila kununua?"

Riddhi alifunga daftari, akasimama. Wakazunguka soko zima wawili hao, wakiwauliza akina mama waliokuwa na vikapu vyenye kila kitu isipokuwa ndizi. Ikawa kama Drusilla alivyohofia. Mmoja akasema hakufikiria uchanga wala nini. Siku ile Nyaboke aliposhusha bei, mvua ilinyesha tangu asubuhi, naye akakimbilia nyumbani. Wa pili akasema hivyo hivyo. Sasa walikuwa na sababu mbili, bei na mvua, na hakuna njia ya kujua ni ipi iliyowafukuza wateja. Riddhi aliuma kalamu.

Aliyewafungulia njia ni Nyaboke, ambaye muda wote huo alikuwa akiuza. Akawauliza mbona wanahangaika na siku iliyopita, wakati siku ya soko inarudi tena. Ndizi ni zake. Wajaribu upya.

Wakapanga wote watatu. Marundo mawili ya mikungu, kutoka shamba moja, iliyokatwa siku moja, ya ukubwa mmoja. Rundo moja liuzwe kwa bei ya kawaida, la pili kwa bei ya chini. Riddhi akaongeza kwamba ikifika saa sita wabadilishe jambo moja tu: wapike ndizi za rundo la bei ya chini, watu waonje wajue zimekomaa, kisha waone litakalotokea. Drusilla alikiri hapo hapo kwamba yeye asingelifikiria hilo.

Ilihitajika sufuria kubwa. Rasiklal ni mtu mpole, asiye na haraka hata ya kushangaa. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho akiwa ameegemea kaunta, na swali lake likawa moja tu, kwamba anataka sufuria ya ukubwa gani. Siku yenyewe akaileta mwenyewe kwa pikapu, pamoja na jiko la makaa. Alisema amezaliwa akakuta sufuria zinauzwa na hajawahi kuona hata moja ikitumika kwenye utafiti.

Mvua haikunyesha siku hiyo. Tangu asubuhi rundo la bei ya kawaida likawa linapungua, na rundo la bei ya chini limekaa. Mfanyabiashara mmoja aitwaye Onyancha, anayepeleka ndizi Kisumu, alisimama mbele ya lile la bei ya chini, akainua mkungu, akaunusa, akauliza una shida gani. Riddhi akamjibu kwamba hauna shida. Onyancha akauliza, kama hauna shida, bei imeanguka kwa nini. Kisha akanunua mikungu minne ya rundo la bei ya kawaida na kuondoka. Riddhi na Drusilla ilibidi wageukie upande mwingine ili wasionekane wakicheka. Kufikia saa sita, mikungu kumi na mmoja ya bei ya kawaida ilikuwa imeondoka. Ya bei ya chini ilikuwa miwili, na mmoja kati ya hiyo alinunua shemeji yake Nyaboke. Riddhi akamfuta shemeji daftarini, akisema huyo amenunua undugu.

Wakawasha jiko. Ndizi zilikuwa zinaanza kuiva Geeta alipofika.

Alikuwa amepata habari dukani kwamba mume wake ameondoka na sufuria kuelekea Ogembo. Alijua pia kwamba siku hiyo ndiyo yule mwalimu wa mjini alikuwa anatoa maswali yake, safari hii asubuhi, na kwamba Riddhi hakuonekana. Alikatiza katikati ya soko akiwa na uso wa mtu aliyeyapanga maneno yake njia nzima. Akamkuta mume wake amechuchumaa akipepea makaa. Akamkuta binti yake, mikono myeusi kwa utomvu, amesimama mbele ya akina mama saba, akizungumza Kiswahili kilichochanganywa na maneno ya Ekegusii aliyoyaokota humo humo sokoni.

"Onja kwanza, mama," Riddhi alikuwa akisema. "Zikiwa ngumu, usinunue."

Mama mmoja wa hoteli alionja, akauliza, kama ndizi ni nzuri hivi, kwa nini asubuhi yote wameziogopa. Riddhi akamweleza jinsi mtu asiyeweza kuona ndani ya ndizi anavyoiachia bei imsemee, na jinsi bei wakati mwingine inavyomdanganya. Hakutumia neno hata moja la kitabuni. Yule mama akasikiliza mpaka mwisho, akajicheka mwenyewe, akachagua mikungu mitatu.

Geeta alikuwa amesimama nyuma yao wakati wote huo. Yale maneno aliyokuja nayo hakuyasema. Alimtazama binti huyu, ambaye nyumbani akiulizwa jambo mbele ya wageni hukimbilia jikoni. Kisha akasogea, akachukua kipande cha ndizi, akakitafuna polepole.

"Hazina chumvi," akasema.

Akakunja mtandio wake, akaufunga kiunoni, akamuuliza Nyaboke vitunguu na pilipili vinauzwa upande gani. Baada ya hapo foleni ilifika mpaka kwa wauza viatu. Rundo la bei ya chini lilikwisha kabla ya saa nane, huku mikungu ya bei ya kawaida ikiwa bado ipo, imekaa. Nyaboke akakunja mikono, akaitazama, akauliza sasa ni nani aliyekuwa anasema ukweli, yeye au kitabu.

"Nyinyi wote, mama," Riddhi akasema. "Kitabu kilidhani kila mtu anajua anachonunua. Wewe ulikuwa unauzia watu wasiojua."

Drusilla hakuwa amemfundisha sentensi hiyo. Akaomba kalamu, akaiandika kiganjani.

Walipokuwa wakikusanya vyombo, Geeta alimkaribia. "Mwalimu, siku ile ulisema hujui."

"Sikujua."

"Ungenidanganya ningefurahi zaidi."

"Najua, mama."

Geeta akatikisa kichwa, akasema Riddhi atakuja Keroka kesho asubuhi na mapema, na kila siku isipokuwa Jumamosi mpaka mtihani, na kwamba Rasiklal atamleta kwa gari.

Zilibaki siku tisa. Drusilla hakuzipoteza kwa kushangilia ndizi. Sasa walikaa na yale mambo makavu: kanuni, hesabu, michoro inayopaswa kuchorwa kwa rula. Yeye hachukii kukariri. Anachokataa ni mtu kukariri jambo kabla hajalielewa. Siku mbili za mwisho walibadilishana nafasi. Riddhi alisimama mbele ya ubao na Drusilla akaketi kwenye kiti cha plastiki pamoja na wanafunzi wengine, akiuliza maswali ya kijinga makusudi. Riddhi alipokosea, Drusilla hakumsahihisha. Aliuliza tu swali lililofuata, na mara nyingi kosa lilijitokeza lenyewe.

Mtihani haukuwa na swali lolote la ndizi. Ulikuwa na swali la mishahara, na Riddhi alipolifikia akakuta kanuni yake imemtoka kichwani kabisa. Mwaka uliotangulia hapo ndipo alipoweka kalamu chini na kulia. Safari hii aliandika pembeni anachokijua kwa hakika, akajiuliza kwa nini, akaandika kinachofuata, akajiuliza tena, mpaka akaijenga kanuni yote kuanzia chini. Ilimchukua nusu saa. Sapu, hata uandike vizuri kiasi gani, hupewi zaidi ya alama ya kupita, na hiyo ndiyo aliyopata. Lakini mhadhiri wake alimwita, akamuuliza nani amemfundisha kujibu namna ile. Riddhi akajibu kwamba wako wengi, wengine wanauza ndizi.

Muhula uliofuata hakurudi Keroka, na Drusilla hakutaka arudi. Akiona mwanafunzi ameanza kujiuliza mwenyewe, humwambia aende zake, hata kama mzazi anataka kuendelea. Hata hivyo, kwa wiki kadhaa kile kiti kilicho karibu na dirisha kilimsumbua kidogo macho.

Kisha Jumapili moja mwezi wa Septemba, Riddhi alipiga simu, sauti yake ikisitasita. Alikuwa akipitia maandishi yake ya zamani, akakuta mahali Drusilla alipowafundisha kwamba bei ya majani chai ikishuka, mkulima huchuma kidogo. Sasa, chumbani kwake chuoni anaishi na msichana wa Nyamira, na huyo msichana amesema kwao ilikuwa kinyume. Bei ilipoanguka, mama yake alichuma zaidi, mpaka vichipukizi vidogo, kwa sababu karo ya watoto ilikuwa ile ile. Riddhi alitaka kujua ni nani aliyekosea.

Drusilla alisogea dirishani, simu sikioni. Alimkumbuka mama yake mwenyewe, mwaka mmoja wa bei mbaya, akirudi kutoka shambani giza limeingia, kikapu kimejaa pomoni, vidole vimekuwa vyeusi. Alikuwa ameliona jambo hilo kwa macho yake akiwa mtoto, kisha akakwenda kulifundisha kinyume kwa miaka saba kwa sababu kitabu hakikulitaja.

"Ni mimi," akamwambia Riddhi. "Nimekosea mimi. Umeshajua ni kwa nini ilikuwa hivyo?"

"Nafikiri ndiyo."

"Niambie."

Riddhi akamweleza, na ilichukua muda, na Drusilla akasikiliza akiwa amesimama dirishani. Alipokata simu, wanafunzi watano walikuwa wameshapanda ngazi, wameketi. Mmoja wao alikuwa Anyona, kijana wa chuo cha ufundi, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote na daftari lisilo na doa. Drusilla akawaambia wafungue ukurasa wa chai. Akasema alichowafundisha pale si sahihi kwa kila mkulima, na kwamba aliyeligundua kosa ni mwanafunzi wake wa zamani.

Anyona akauliza, kwa masikitiko kidogo, kama waung'oe ukurasa ule.

"Hapana. Upige mstari mmoja tu, ili bado usomeke," Drusilla akasema. "Halafu nani hapa kwao wanachuma chai?"

Mikono mitatu ikainuka. Akawaomba hao watatu waje mbele, yeye akaenda kuketi.